Mgonjwa wa Bi Sikudhani

Haikuwa zamani wala haikuwa kale. Ilikuwa mwaka ule sukari ilipopotea mara ya pili, katika nchi ambayo jina lake silitaji kwa sababu jina lenyewe liko mbele ya kamati, linapitiwa upya. Nchi nzuri, msiogope. Ina bendera, ina wimbo, ina mawaziri wa kutosha na wengine wa akiba. Mimi naitwa Havijawa, muuza viazi karai wa mtaa wa Kisimani. Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta ni Bi Sikudhani, muuza ndizi za kukaanga. Nasema mapema msije mkasikia kwa watu: mwanamke yule simpendi. Hajanikosea kitu. Na hilo ndilo linalonikera, maana angenikosea ningekuwa na la kumwambia.

Sasa basi. Tulikuwa na Waziri wa Afya, Ajira na Biashara Ndogo. Zamani zilikuwa wizara tatu, zikaunganishwa ili kubana matumizi, na ili waziri asielemewe akapewa manaibu kwa kila moja, na kila naibu gari lake. Huyo waziri siku moja akaenda kukagua hospitali ya wilaya. Ndani akakuta dawa hakuna, glavu hakuna, wagonjwa wamelala mzungu wa nne, huyu kichwa huku yule kichwa kule. Akasikitika sana, maana ndiyo kazi yake. Akatoka nje ya geti kupunga upepo.

Huko ndiko alikoona maajabu. Wauza machungwa wamejipanga. Wauza uji. Wakodisha mikeka. Wauza ndoo na miswaki, mama wa supu, mchaji simu, fundi viatu, vijana wa bodaboda wanagombea abiria. Kwetu mtu haugui peke yake. Akilazwa, ukoo mzima unahamia pale getini, na majirani wote wanakwenda kumjulia hali, na hakuna anayekwenda mikono mitupu. Waziri akamsogelea muuza machungwa mmoja.

"Mama, nani amekuajiri hapa?"

"Wagonjwa, mheshimiwa."

"Na wakipona?"

"Wakipona tunalala njaa, mheshimiwa. Lakini tunamshukuru Mungu, hawaponi sana."

Wanasema waziri alisimama pale kimya, mdomo wazi, mpaka mlinzi wake akadhani amepatwa na kiharusi. Kumbe alikuwa anafikiri, jambo ambalo mlinzi hakuwahi kuliona. Kesho yake akapeleka muswada bungeni. Wabunge wakaupitisha kabla ya chai ya saa nne, kwa makofi na vigelegele, wengine wakiulizana huku wanapiga makofi kwamba hivi unahusu nini. Jina lake kamili ni Sheria ya Mageuzi ya Afya, Uzalishaji wa Ajira na Ustawi wa Biashara Ndogo. Sisi tukaiita Sheria ya Mgonjwa, maana maisha ni mafupi.

Aliyekuja kutuelimisha ni Bwana Lufingo, Afisa Maradhi wa Kata. Suti nyeusi jua la saa saba, tai imemkaba, jasho linamtiririka mpaka tukamwonea huruma kabla hajafungua kinywa. Akafungua.

"Ndugu wananchi! Ugonjwa si tatizo. Ugonjwa ni changamoto, na changamoto ni fursa. Kwa muda mrefu nchi hii imekuwa ikitibu watu kiholela, bila kujali uchumi. Mtu anapona Jumatatu, Jumanne muuza machungwa hana kazi. Je, muuza machungwa aliulizwa?"

Tukatazamana. Kweli, hakuulizwa.

"Kuanzia leo, mgonjwa ni mwajiri. Kila biashara ndogo itakuwa chini ya mgonjwa wake. Biashara isiyo na mgonjwa ni uzururaji. Na mgonjwa haruhusiwi kupona bila kibali, kwa sababu kupona bila kibali ni kuachisha watu kazi. Kuna swali?"

Mzee mmoja wa nyuma akanyoosha mkono. "Na kufa je, bwana afisa?"

"Kufa ni kufilisika," akasema Bwana Lufingo. "Kanuni zake zinaandaliwa."

Tukapiga makofi, tukatawanyika, na kila mtu akaenda nyumbani kwake kutazama ana nini.

*

Bi Sikudhani alikuwa na mumewe, Mzee Songoro, na Mzee Songoro alikuwa na ngiri. Ngiri ya siku nyingi, anatembea ameishika kama mtu aliyeficha embe. Daktari alikuwa ameshamwambia kwamba ni jambo dogo, unaingia asubuhi, unapasuliwa, unapumzika, unarudi kwako. Mzee wa watu alikuwa anajiandaa aende. Akachelewa kidogo tu, sheria ikamkuta bado anaumwa.

Jamani, nyota ya mtu! Ngiri ile ile niliyokuwa naicheka ikapandishwa cheo ikawa Mwajiri Daraja la Kwanza. Likaja lori na turubai la serikali, likafungwa uani kwa Bi Sikudhani. Vikaja viti vya plastiki, vipya, bado vina nailoni. Ikawekwa taa. Likaja greda, likasawazisha barabara kutoka lami mpaka mlangoni kwake, likaishia pale pale, na kifusi chote wakakimwaga mbele ya mlango wangu. Nikitaka kutoka nakwea.

Roho iliniuma. Sisemi uongo, iliniuma mpaka nikapoteza hamu ya kula. Nilikuwa nakaa juu ya kifusi changu naangalia wageni wanavyomiminika kwake na vikapu, naona vile viti, naona lile turubai linavyopepea, najiuliza Mungu wangu, mimi nimekukosea nini hata hukunipa mgonjwa?

Maana mume wangu mimi, Kombo, ni mchimba visima. Mtu hajui hata mafua. Nikamtazama siku hiyo anakula ugali, nikahisi chuki imenipanda.

"Baba, hujisikii vibaya?"

"Najisikia njaa."

"Kichwa hakikugongi?"

"Kinigonge na nini?"

Nikajaribu njia zote za mke mwema. Nikampa kiporo kilichochacha, akalamba sahani, akasema leo umetia ndimu, vizuri. Nikamwogesha maji ya baridi alfajiri, akaimba. Nikamlaza penye mbu, mbu wakaugua wao. Mwisho nikamshika mkono, nikampeleka kwa Bwana Lufingo apimwe kwa huruma ya serikali. Bwana Lufingo akamgonga mgongoni, akamwangalia ulimi, akatikisa kichwa kwa masikitiko.

"Mama, huyu ni mzima. Ni aibu kwa kata, lakini ni mzima. Vuta subira, umri utasaidia."

Njiani Kombo akawa anacheka. Nikamwambia cheka, wanaume wenzio wanalisha mitaa, wewe unacheka.

Baada ya hapo wakaja askari wa jiji wakabeba karai langu, maana viazi vyangu havikuwa na mgonjwa, basi vilikuwa vinazurura. Nikabaki na mwiko mkononi. Na kwa vile mtaa mzima ulikuwa na mwajiri mmoja tu, ikanibidi nijitande kanga yangu, nikwee kifusi, niende kuomba kazi kwa Sikudhani. Fikiria mwenyewe. Nilitegemea anisimange. Nilishajiandaa, majibu yangu nimeyapanga mdomoni kama shanga. Hakunisimanga!

"Shoga yangu, karibu ndani," akasema. "Tena nilitaka nikufuate mimi. Nafasi zipo."

Nafasi zilikuwepo kweli. Kulikuwa na mpokea viatu, mmenya machungwa, mpepeaji wa zamu ya asubuhi na mpepeaji wa zamu ya jioni, kulikuwa na mwitikia pole, ambaye mgeni akisema pole anasema tumeshapoa kwa niaba ya familia. Mimi nikapewa nafasi ya Msimulizi wa Ugonjwa.

Mnajua kwetu mgeni akija kumjulia hali mgonjwa, akishatoa pole na kuketi, lazima aulize: "Ehe, yalianzaje?" Na lazima asimuliwe kutoka mwanzo, hata kama jana alisimuliwa. Mgeni aliyeondoka bila kusimuliwa ni mgeni aliyefukuzwa. Mzee Songoro mwenyewe sauti ilikuwa imeshamkauka kwa kueleza, na mkewe si msemaji. Ndipo serikali ikaona mtaa una mdomo wangu, umekaa bure.

Kazi niliiweza, wallahi. Nilianza na ukweli, kwamba mzee aliinua gunia la mkaa akasikia kitu kimeachia tumboni. Lakini mgeni amekwea bodaboda kutoka mbali, huwezi kumpa gunia la mkaa tu. Gunia likawa jiwe la kusagia. Jiwe likawa nguzo ya umeme, iliyokuwa inataka kumwangukia mama mjamzito, Mzee Songoro akaidaka. Watu walikuwa wanalia, wakimaliza kulia wanaona njaa, wakiona njaa wananunua. Wakaanza kuja wanawake kutoka kata za jirani, kumjulia hali mtu wasiyemjua, wanasimuliwa, wanafuta machozi, wanakwenda zao wanasema: "Bi Sikudhani ana mgonjwa, mashallah!"

Havijawa hatajwi. Mimi ndiye niliyeidaka ile nguzo, kwa mdomo wangu, lakini sifa ni za Sikudhani. Siku moja akaja amevaa kanga mpya imeandikwa "Mpewa hapokonyeki". Nikajua ni mimi huyo nasemwa. Kesho yake nikavaa yangu ya "Wema hauozi", kwa hasira.

*

Waziri naye akaja. Alikuja na matarumbeta, na kamera, na kitanda cha chuma cha zawadi, kizito, cha kukaa nacho. Mzee Songoro akahamishiwa juu yake mbele ya wapiga picha.

"Mzee Songoro," akasema waziri, na sauti ikamtetemeka kidogo kwa uzalendo, "wewe ni kiwanda. Wewe ni mgodi. Wenzako wanasubiri wawekezaji kutoka ng'ambo, wewe umewekeza tumbo lako mwenyewe. Taifa linakutegemea. Usituangushe!"

Makofi. Mwandishi mmoja wa habari, mgeni mgeni hivi, akauliza mheshimiwa yeye akiugua anatibiwa wapi. Waziri akajibu kwa unyenyekevu kwamba yeye hutibiwa nje ya nchi, ili asiwabane wananchi nafasi zao za kuugua. Tukaguswa. Kiongozi anajinyima hivyo kwa ajili yetu.

Mzee Songoro akainua mkono. "Mheshimiwa, mimi ombi langu ni moja tu, nataka kupo..."

Matarumbeta yakalia.

Ilikuwa baada ya ziara ile ndipo ngiri ilipokaza. Nilikuwepo, msimulizi anakaa karibu na kichwa cha mgonjwa. Nilimwona anatoka jasho la baridi, anatapika kidogo kidogo ndani ya kikopo, akiniashiria niendelee kusimulia. Wageni walipotoka kwenda kununua, akanishika mkono.

"Bi Havijawa, unasimulia vizuri sana ugonjwa ulivyoanza. Unajua utakavyoisha?"

"Sijui, mzee."

"Daktari aliniambia. Ngiri ikikaza, utumbo unakufa mle mle ndani, na mimi naufuata. Sina siku nyingi, dada yangu. Nataka kupona. Nimwambie nani?"

"Mwambie mkeo."

Akageukia ukutani. Nikajisemea, bila shaka mkewe hataki, nani atake kuachia turubai lile? Na kwa mara ya kwanza nikasikia raha: kumbe ana mgonjwa, lakini roho yake mbaya kama yangu.

Bwana Lufingo akalazimika kuitisha baraza la kupona. Sheria ilikuwa na kipengele cha ubinadamu, walikiweka mwishoni huku wanakimbilia chai. Kilisema kwamba mgonjwa akizidiwa, wafanyakazi wake wataitwa mbele ya watu, na kama atapatikana hata mmoja wa kusimama akatamka kwa hiari yake "nimeridhia apone", basi kibali kitatolewa. Mmoja tu. Walikiweka kwa sababu walijua hatapatikana. Familia ya mgonjwa haikuruhusiwa kusema lolote, kwa maelezo kwamba ina maslahi.

Tukakaa chini ya turubai. Mzee kalazwa katikati kwenye chuma chake, macho yameingia ndani, midomo imemkauka. Mkewe wamemkalisha pembeni, askari mgambo kushoto na kulia, asije akatoa maslahi.

Akasimama mmenya machungwa. "Mimi Mzee Songoro ni baba yangu. Nampenda kuliko baba aliyenizaa. Lakini akipona, watoto wangu watakula nini? Sijaridhia." Akakaa, akajifuta machozi.

Akasimama mpokea viatu. "Mzee wetu ni nuru ya mtaa huu. Mungu amjalie maisha marefu ya kuumwa. Sijaridhia."

Wapepeaji wakasimama pamoja, hawajaridhia. Mwitikia pole akasimama, akalia mpaka akashindwa kusema, ikaandikwa hajaridhia. Wote walimpenda. Sijaona mtu anayependwa vile, na kila aliyempenda alimsogeza kaburini hatua moja akarudi kukaa. Mzee Songoro alikuwa anamtazama kila anayesimama, kisha akaacha kutazama, akafumba macho.

Ikafika zamu yangu.

Nataka mnielewe vizuri hapa, msije mkanizushia wema. Nilisimama niseme "sijaridhia" kama wenzangu nikae zangu. Lakini jicho langu likamwangukia Sikudhani. Kakaa pale na hereni mpya, kiti chenye mito, na mgambo wake kama malkia. Nikawaza: akipona huyu mzee, kiti hicho kinaondoka. Turubai linafunguliwa. Taa inang'olewa. Mwajiri Daraja la Kwanza anarudi kuwa muuza ndizi, tena mke wa mtu asiyeumwa kama mimi. Raha ikanipanda kutoka kwenye unyayo mpaka utosini.

"Nimeridhia," nikasema. "Apone."

Bwana Lufingo akaangusha soda yake. "Bi Havijawa, pengine hukuelewa swali."

"Nimelielewa. Apone! Apone hata leo, aamke, atembee, aruke kamba!"

Turubai zima likapiga kelele. Mmenya machungwa akaniita muuaji. Na Sikudhani akainuka kwenye kiti chake, akawapita wale mgambo, akanijia mbio. Nikajiweka sawa. Nikasema haya, leo ndiyo leo, siku zote nilikuwa naisubiri hii, nipige kofi moja nami nikupe la kwako.

Akaniangukia shingoni. Akalia.

"Umenipa mume wangu," akasema. "Havijawa, umenipa mume wangu. Nilikuwa nalia chooni, nikitoka nacheka, walinitisha mke wa mwajiri akilia ni uchochezi. Mungu akulipe. Sina cha kukulipa mimi, Mungu akulipe."

Nikabaki nimesimama, mikono imening'inia. Nilihisi nimeibiwa mchana kweupe.

*

Daktari wa wilaya alikuwa kwenye geti la hospitali anauza mayai ya kuchemsha. Alikuwa hajatibu mtu tangu sheria ianze, basi akajiingiza kwenye biashara ndogo kama ilivyoelekezwa, na kachumbari yake ilikuwa nzuri, sina ubishi. Kombo na wanaume wengine walipomshusha mzee pale na kitanda chake, wakamwambia ana kibali, yule kijana alikigeuza mbele na nyuma. Kisha akauliza, "Cha kweli?" Akaweka chini kopo la chumvi, akanawa mikono muda mrefu sana, akamwomba Kombo amshikie mayai, akaingia ndani. Kombo alimshikia, mengine akayala.

Mzee Songoro alipona. Alipasuliwa, akashonwa, akapumzika, akarudi kwake kwa miguu, mikono yote miwili huru. Turubai likafunguliwa. Viti vikapandishwa lori. Sikudhani akauza hereni, akanunua mafuta, akarudi barazani kukaanga ndizi, naye mumewe akamkalia karibu anamenya. Nilitarajia kumwona amenyongea. Asubuhi nilikwea kifusi changu kumtazama. Walikuwa wanacheka! Sijui wanacheka nini, hawana kitu, wanacheka mpaka ndizi zinaungua.

Nikaumwa. Hapo ndipo nilipoumwa hasa.

Na kata ilikuwa imepoteza ajira zote kwa siku moja, mtu akalazimika kujibu. Bwana Lufingo akaniita. Alikuwa amekonda, tai inamzunguka shingoni mara mbili.

"Mama, sheria inasema aliyesababisha kupona atafute mbadala. Lakini kwanza nieleze. Ulisukumwa na nani? Mataifa ya nje?"

"Nilisukumwa na wivu."

"Wivu?"

"Wivu, bwana afisa. Nikimwona ana mgonjwa nataka mgonjwa. Nikimwona hana nataka asiwe na raha. Nimeshindwa kula, nimeshindwa kulala, kifua kinawaka moto. Sasa hivi ninavyoongea na wewe kinawaka."

Nilimwona anainuka polepole kutoka kitini. Macho yake yalijaa maji.

Wakaja wataalamu kutoka makao makuu. Wakanisikiliza kifua, wakanitajia jina la Sikudhani wakahesabu mapigo, wakanitajia tena wakaogopa. Ripoti yao ilisomwa kwa heshima: wivu sugu. Hauna upasuaji. Hauna dawa, kwa hiyo hauhitaji bajeti ya dawa. Hauui haraka, na mwenye nao anaweza kuumwa mpaka uzeeni akiwa na afya njema. Waziri mwenyewe alisema redioni kwamba nchi imekuwa ikitafuta ugonjwa wa namna hii tangu uhuru.

Basi nikapata. Turubai likaja kwangu, jipya, kubwa kuliko lile. Greda likarudi, likaondoa kifusi. Nikapewa Daraja la Juu, ambalo lilitungwa kwa ajili yangu. Kombo mume wangu akaajiriwa kupokea viatu, anafurahi huyo, anaongea na kila mtu. Nikalala juu ya mito, kanga mpya, wageni mistari kwa mistari na machungwa yao, nikasema alhamdulillahi, na mimi nimekuwa mtu.

Mgeni wa kwanza akaketi, akatoa pole, akauliza: "Ehe, yalianzaje?"

Nikageuka nimwone msimulizi niliyepangiwa. Sikudhani. Ndizi zake nazo zilikuwa zinazurura, alihitaji kazi, na serikali iliona yeye ndiye anayeufahamu ugonjwa kwa karibu.

Nikajua leo nimekwisha, atanianika mbele ya watu, na ningekuwa yeye ningefanya hivyo hivyo. Akaanza kwa sauti yake ile ndogo. Alisema: "Huyu ni jirani yangu. Mume wangu alikuwa anakufa, watu wote wakakaa kimya, akasimama yeye peke yake." Basi. Hakuna kiporo, hakuna kifusi, hakuna kanga, neno wivu hakulitamka. Mgeni akalia. Na alipotoka nje nikamsikia kwa masikio yangu akimwambia mwenzake: "Lakini huyu Bi Sikudhani ana roho safi, mashallah!"

Nililia mto mzima ukalowa. Wataalamu wakaja kunipima, wakapeana mikono.

Juzi wameitisha baraza langu la kupona, kwa kuwa sheria inataka. Mmenya machungwa hakuridhia. Wapepeaji hawakuridhia. Kombo angeridhia, lakini ni familia. Akasimama Sikudhani.

"Nimeridhia," akasema. "Apone. Anateseka."

Mmoja anatosha, mnakumbuka. Bwana Lufingo alibadilika rangi. Akapekuapekua sheria yake, na mwisho kabisa akakuta mstari ambao hapakuwa na mtu aliyewahi kuusoma, unaosema kwamba mgonjwa naye anaweza kuulizwa, na akikataa kibali hakitoki. Akanigeukia kama mtu anayezama.

"Bi Havijawa. Wewe mwenyewe unataka kupona?"

Nilitaka. Msinione hivi, nilitaka. Nimechoka kuwaka. Nilifungua mdomo nimjibu, na hapo nikamwona Mzee Songoro amesimama nje ya turubai, amekuja kumchukua mkewe warudi nyumbani. Ameshamenya chungwa, amelishika nusu mkononi anamsubiri. Sikudhani akamfuata, akalila, akamfuta mzee kidevu kwa pindo la kanga, akamwambia neno, wakacheka.

"Bado," nikasema.